Kunguru na Paka Jalalani: Katika Filamu ya Haikyu!! Adui ni Nani?

Mpwa wangu alikuwa ametazama dakika kama ishirini hivi, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, ndipo akauliza: "Mjomba, sasa hapa adui ni nani?" Lilikuwa swali la haki. Wenzake shuleni walimwambia kwamba hii ni filamu ya Kijapani ya timu mbili hasimu za voliboli, naye akakaa akimsubiri yule mtu mbaya: anayecheka kwa dharau, anayehonga refa, anayemkanyaga mwenzake mguu makusudi. Dakika zinakwenda, hatokei. Timu zote mbili zimejaa vijana wa kupendeza. Ukishangilia huku, moyo unakuuma kule.

Mkanganyiko huo nimeusikia kwa watu wazima pia. Mmoja anadhani amekosea filamu kwa sababu jina linataja jalala na yeye haoni jalala lolote. Mwingine anauliza hii ni fainali ya nini. Wa tatu ameambiwa asiiguse mpaka amalize vipindi themanini na kitu vya runinga, akakata tamaa kabla ya kuanza. Filamu hii naipenda, na inanisikitisha kuona mtu anaiacha njiani kwa kukosa ufunguo mdogo. Basi tuanze mwanzo.

Haikyu ni neno la Kijapani, maana yake mpira wa wavu. Katika mazungumzo ya kila siku Wajapani hawalitumii sana. Husema bareboru, neno walilolitohoa kutoka Kiingereza kama sisi tulivyotohoa voliboli. Haikyu lina uzito wa maandishi, kama mpira wa wavu linavyosikika kwenye taarifa ya habari ilhali uwanjani watu wanasema voliboli. Zile alama mbili za mshangao mwishoni ni sehemu ya jina.

Hadithi ilianza kama manga, yaani katuni ya kuchapwa ambayo Wajapani huisoma kwa mafungu wiki baada ya wiki. Mwandishi na mchoraji wake ni Haruichi Furudate, na ilitoka kwenye jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia Februari 2012 hadi Julai 2020, ikatimiza vitabu 45. Baadaye ikawa anime, maana yake michoro hiyohiyo ikapewa mwendo, sauti na muziki. Studio ya Production I.G ilitoa misimu minne ya runinga, ya 2014, 2015, 2016 na 2020. Kisha, tarehe 16 Februari 2024, ikaja filamu ya sinema tunayoizungumzia. Imeongozwa na Susumu Mitsunaka, mtu yuleyule aliyeongoza misimu mitatu ya kwanza. Nje ya Japani inaitwa The Dumpster Battle. Jina lake la nyumbani ni Gomisuteba no Kessen, ambalo kwa Kiswahili ningelifasiri Pambano la Jalalani.

Filamu ina dakika 85, na ukitoa kumbukumbu za utotoni na vipande vichache vya pembeni, zote ni mechi moja. Shule ya sekondari ya Karasuno kutoka mkoa wa Miyagi, kaskazini-mashariki mwa nchi, dhidi ya shule ya Nekoma ya Tokyo. Wanacheza, wanatokwa jasho, mechi inaisha. Hakuna safari, hakuna mapenzi, hakuna siri ya familia. Kwenye kitabu mechi hiyo imechukua takriban sura 30, kwa hiyo yaliyobanwa humo ni mengi, na ndiyo sababu mgeni anaweza kuhisi ameingia chumbani watu wakiwa katikati ya mazungumzo.

Je, lazima utazame vipindi vyote kwanza? Viko 85, kwa sadfa ni idadi ileile ya dakika za filamu. Vyote ni vizuri, lakini si lazima. Tafuta katikati ya msimu wa kwanza, Nekoma wanapokuja Miyagi kwa mechi ya mazoezi, halafu ile kambi ya majira ya joto ya Tokyo katika msimu wa pili. Ukiwa na hayo mawili umeshapata nusu ya machozi. Yaliyobaki nitakueleza hapa.

Tuje kwenye jalala. Kwa Kijapani kunguru ni karasu na paka ni neko. Karasuno ni kunguru, jezi nyeusi zenye rangi ya chungwa. Nekoma ni paka, jezi nyekundu. Mijini Japani taka haziwekwi nje siku yoyote unayotaka. Kila mtaa una siku zake na mahali pake, na asubuhi ya siku hiyo mifuko hupangwa ikisubiri gari. Kunguru wa kule ni wakubwa, wenye midomo minene, na mfuko wa plastiki hauwasumbui. Kwa sababu yao watu huifunika mifuko kwa wavu. Paka wa mitaani nao wana njaa yao. Kwa hiyo kunguru na paka kugombania taka ni jambo Mjapani analijua tangu utotoni, na msomaji aliyekulia karibu na soko la samaki Zanzibar au Mombasa hahitaji maelezo zaidi. Ameshawaona wale wawili wakiviziana juu ya utumbo wa kibua.

Jina la pambano lilitoka kwa mashabiki wa zamani, ndani ya hadithi yenyewe. Shule hizi mbili zilikuwa na makocha wawili, mzee Ukai wa Karasuno na mzee Nekomata wa Nekoma, waliojuana na kushindana maisha yao yote. Timu zao zilitembeleana na kucheza mechi za mazoezi mara nyingi. Lakini mara hata moja hazikukutana kwenye mashindano ya taifa. Mwaka huu wanafika hawa, wale wanatolewa mapema. Mwaka ule kinyume chake. Watu wa mitaa yote miwili wakawa wanaiota siku hiyo: kunguru na paka, jalalani, kwa haki. Kisha wazee wakastaafu, Karasuno ikadorora hadi ikaitwa kunguru wasioruka, na ndoto ikawekwa kabatini.

Aliyeifufua ni mtu ambaye mtazamaji humsahau haraka: mwalimu Takeda, mlezi mpya wa timu ya Karasuno, ambaye voliboli yenyewe haijui. Alichokijua ni kuomba. Alipiga simu Nekoma, akapiga tena, akapiga tena, mpaka mzee Nekomata, aliyekuwa amerudi kazini, akakubali kuleta vijana wake Miyagi. Na jina la Nekoma peke yake likatosha kumshawishi Keishin Ukai, mjukuu wa yule kocha wa zamani, aache kujifungia kwenye duka la familia na aje kufundisha. Ukiwaona hao wazee na mjukuu kwenye filamu, kumbuka kwamba mechi hii ilikuwa deni kabla ya wachezaji wengi kuzaliwa.

Sasa turudi kwenye swali la mpwa wangu, maana hapo ndipo fundo lenyewe lilipo.

Neno mahasimu linatupotosha. Hasimu ni mtu mwenye ugomvi nawe, anayekutakia ubaya. Tafsiri za haraka hulitumia kwa timu yoyote inayokabiliana na nyingine, na masikio yetu yanasikia uhasama. Lakini Kiswahili kina neno linaloingia hapa kama kifuniko chake: watani. Redioni tunawasikia Simba na Yanga wakiitwa watani wa jadi. Nyuma ya neno hilo kuna desturi kubwa kuliko mpira. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo wajukuu zao ni watani. Mtani wako anaweza kukucheka mbele ya wakwe, akakunyang'anya kofia, akalala kaburini msibani akidai hazikwi mtu mpaka alipwe, na hukasiriki. Ila mtani huyohuyo ndiye anayetakiwa kufika msiba ukitokea, ashike kazi, akutoe machozi kwa kicheko. Utani ni ushindani wenye wajibu ndani yake.

Karasuno na Nekoma ni watani. Ukishaliweka neno hilo mahali pake, filamu nzima inakaa sawa.

Mchukue Tetsuro Kuroo, nahodha wa Nekoma, kijana mrefu mwenye nywele kama aliyelalia upande mmoja, mdomo haumtulii. Kwenye kambi ya Tokyo alimwona Kei Tsukishima wa Karasuno, mzuiaji mrefu kuliko wenzake wote timuni, akicheza kama mtu anayemaliza zamu ya kazi. Tsukishima aliamini kwamba hii ni klabu ya shule tu, kwa nini mtu ajichoshe. Kuroo akamwita ukumbi wa pembeni jioni baada ya jioni, akamfundisha kuzuia: mikono ipeleke mbele, usiruke mapema, msome mpigaji. Yaani alimnoa mtu ambaye miezi michache baadaye angesimama ng'ambo ya wavu akiyazuia makombora ya Nekoma. Hasimu hafanyi hivyo. Mtani hufanya, kwa sababu anaitaka mechi iwe nzuri kuliko anavyotaka ushindi mwepesi.

Kwenye filamu deni hilo linalipwa kwa maneno machache. Wawili hao wamesimama uso kwa uso, wavu katikati, na Kuroo anamuuliza siku hizi voliboli anaionaje. Tsukishima, ambaye kusifu kitu kwake ni kama kung'olewa jino, anajibu kwamba kwa hisani ya Kuroo, mara mojamoja inafurahisha. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Uso wa Kuroo ndio wa kuutazama.

Kwa nini basi wanacheza kana kwamba wanafia pale, kama ni watani? Hapa inabidi kuujua mfumo wa mashindano. Wenye kuijua UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, wataelewa upesi: shule zinachujana nyumbani hadi wawakilishi wanakwenda taifa. Japani ina mikoa 47, na mashindano makubwa ya voliboli ya sekondari yanaitwa Haruko, yaani shule za majira ya machipuko, kwa sababu zamani yalichezwa mwezi Machi. Tangu 2011 yamehamishiwa Januari ingawa jina limebaki lilelile. Kuhama huko kulikuwa na maana kubwa kwa watoto. Mwaka wa masomo Japani unaisha Machi, na kwa ratiba ya zamani wanafunzi wa mwaka wa tatu, ambao ndio wa mwisho, walikuwa hawachezi tena. Januari wanaweza kucheza. Na wakitolewa hapo, basi. Sekondari imekwisha, timu hiyo haitakusanyika tena ikiwa vile.

Na ni mtoano. Ukifungwa mechi moja unafungasha.

Katika ile mechi ya mazoezi ya msimu wa kwanza, Nekoma waliwafunga Karasuno, na Shoyo Hinata, mchezaji mdogo wa Karasuno, akapiga kelele: tena! Wakacheza tena, wakafungwa tena, naye akaomba tena, mpaka muda wa treni ukafika. Mazoezini unaweza kusema tena. Mzee Nekomata aliwaambia wakutane siku nyingine kwenye uwanja ambao hakuna kusema tena. Filamu ndiyo siku hiyo. Kila mpira unaoanguka unakwenda na kitu ambacho hakirudishwi, na wote wanajua kwamba upande mmoja ukifurahi, wa pili unawaaga wakubwa wake.

Hapo pia ndipo jibu la swali la fainali. Hii ni raundi ya tatu tu. Lile neno "mwisho" lililoandikwa kwenye matangazo ya filamu linahusu mradi mzima, maana studio ilitangaza mwaka 2022 kwamba hadithi itafungwa kwa filamu mbili, na hii ni ya kwanza. Kombe halitolewi hapa. Ukikaa ukisubiri kombe utamaliza filamu mikono mitupu.

Tuingie uwanjani sasa, maana bila kuujua mchezo wenyewe akili ya filamu haionekani.

Uwanja wa voliboli una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, wavu unaugawa nusu kwa nusu, na kwa wanaume wavu husimama mita 2.43. Kila upande una watu sita na miguso mitatu. Kwa kawaida mguso wa kwanza unaokoa, wa pili unapanga, wa tatu unapiga. Anayepanga anaitwa seta, na huyo ndiye roho ya mchezo. Mfikirie mama anayepakua chakula watoto wakiwa wamemzunguka: sahani iliyo mkononi ni moja, wanaoingoja ni wanne, na macho yake hayasemi nani atapewa. Wazuiaji wa upande wa pili wako hapo kubahatisha. Wakibahatisha sawa, mpira unarudi usoni. Wakikosea, mpigaji anabaki na wavu mtupu.

Karasuno ina seta aitwaye Tobio Kageyama, fundi wa kuutuma mpira mahali pa upana wa kiganja, na ina Hinata. Mwanzoni mwa hadithi Hinata ana urefu wa sentimita 162 na ushei, katika nafasi ambayo wenzake hukaribia au kuvuka mita na themanini. Alichonacho ni miguu. Anakimbia na kuruka kabla mpira haujatoka mikononi mwa Kageyama, na mpira unamkuta angani. Hata asipopewa, wazuiaji wameshamfuata, na mpigaji mwingine anabaki huru. Wenyewe humwita chambo. Wengi hudhani Hinata ni nyota kwa sababu ya pointi anazofunga. Ukitazama vizuri utaona nusu ya kazi yake ni kuruka bila kupewa kitu, mchezo hadi mchezo, kwa nguvu zilezile.

Nekoma hawana mpigaji wa kutisha kama wengine. Sifa yao ni kwamba mpira hauanguki kwao. Bango lao limeandikwa neno moja lenye maana ya unganisha, na la Karasuno linasema ruka. Ukipenda, mchezo wote uko kwenye mabango hayo mawili. Kabla ya kila mechi Nekoma huweka mikono pamoja na kusema kwamba wao ni damu, watiririke bila kukwama, wapeleke hewa ili ubongo ufanye kazi. Ubongo ni seta wao, Kenma Kozume.

Kenma ndiye mhusika mkuu wa filamu hii, nami nasema hivyo nikijua kwamba picha nyingi za matangazo zinamtanguliza Hinata. Ni kijana mkimya, hapendi jasho, hapendi kutazamwa, mkononi ana mchezo wa video. Aliingia voliboli kwa sababu Kuroo, jirani yake wa utotoni, alimvuta. Alipokutana na Hinata kwa mara ya kwanza, amepotea njia huko Miyagi, Hinata alimuuliza kama anaipenda voliboli. Kenma akajibu kama mtu anayeulizwa kuhusu hali ya hewa: ipo tu. Hinata hakulisahau jibu hilo. Akajiwekea nadhiri kwamba siku moja atamfanya Kenma atoke uwanjani akiwa amehisi kitu, hata kama kitu hicho ni uchungu wa kufungwa.

Na Kenma anachomfanyia Hinata kwenye filamu ni hesabu kali. Ili aruke juu, Hinata anahitaji hatua za kukimbilia. Basi Nekoma wanaanzisha mpira kwa kuulenga mbele yake, kwenye njia yake, mahali ambapo lazima ainame aupokee yeye au ajikwae na mwenzake. Akishapokea, miguu yake imekwama, hana mbio, hana mruko. Hawajamgusa. Wamemzibia njia ya kurukia tu. Filamu inachora jambo hilo kama tundu la ndege linalofungwa taratibu, na kuna kitambo kirefu Hinata haonekani kabisa kwenye mchezo. Mpwa wangu hapo alikasirika, akasema wanamwonea. Nikamwambia asubiri. Waswahili walishasema kunguru hafugiki.

Sitaki kummalizia mtu utamu, nitasema tu kwamba mlango wa tundu unafunguliwa na Kageyama, na ufunguo wake ni subira. Yeye aliyezoea kutuma mpira kama risasi anautupa juu, juu sana, polepole, akimwachia mwenzake muda wote anaouhitaji. Hinata anapiga sakafu kwa miguu yote miwili hadi unaisikia, halafu anapanda. Utazame wakati huo uso wa Kenma, mtu ambaye mpango wake umevunjwa. Anang'aa. Alikuwa ameanza kuogopa kwamba mchezo umekwisha mapema.

Wengine huniuliza kama hii inawezekana au ni nguvu za kichawi za katuni. Mipira ya Haikyu haiwaki moto. Kasi imetiwa chumvi mahali pengine, na muda unanyooshwa ili tusikie mawazo ya mtu aliye angani, lakini mbinu ni za kweli. Kumlenga mpigaji hatari kwa mpira wa kuanzisha ili kumkata mbio ni jambo la kila siku katika voliboli ya kimataifa. Kupiga mpira wa kwanza juu timu ikiwa imebanwa, ili wote wapate pumzi, ni somo la kocha yeyote.

Hata mtindo wa Nekoma una mizizi kwenye historia. Voliboli ilibuniwa Marekani mwaka 1895, ila Wajapani waliipa tabia yao wenyewe. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964 ndiyo ya kwanza kuwa na voliboli, na tarehe 23 Oktoba mwaka huo wanawake wa Japani waliufunga Umoja wa Kisovieti seti 3 kwa 0 wakachukua dhahabu. Silaha yao iliyojulikana zaidi ilikuwa kuokoa mpira kwa kujitupa, kubiringika na kusimama kabla mpira haujarudi. Mechi hiyo ilitazamwa kwenye runinga kwa kiwango cha asilimia 66.8 katika eneo la Tokyo. Miaka minane baadaye, Munich, wanaume wakapata dhahabu yao chini ya kocha Yasutaka Matsudaira kwa mashambulizi ya haraka na ya kughilibu, wengine wakiruka kama chambo na mwingine akipiga. Ndugu wa mbali wa Nekoma na Karasuno ni hao.

Mashabiki wa Kenya walikutana na mtindo huo ana kwa ana. Tarehe 25 Julai 2021 Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake, walifungua Olimpiki yao dhidi ya Japani kwenye ukumbi wa Ariake, Tokyo, wakafungwa seti tatu bila. Aliyetazama mechi ile anakumbuka jinsi mipira mizito ya kina dada zetu ilivyokuwa ikiokolewa na watu waliolala chini, ikarudi hai, ikaokolewa tena. Ukiwa na kumbukumbu hiyo, hutashangaa kwamba filamu hii inampa heshima mwokoaji kuliko mpigaji. Mtazame Morisuke Yaku wa Nekoma, yule mwenye jezi ya rangi tofauti. Anaitwa libero, nafasi iliyoingizwa rasmi kwenye mchezo wa kimataifa mwaka 1998, na kazi yake ni kulinda nyuma. Haruhusiwi kupiga mpira ulio juu ya wavu. Bila yeye Nekoma haipo.

Kuhusu wanaosema katuni ni za watoto sina mengi ya kusema. Filamu iliingiza zaidi ya yeni bilioni 10 Japani pekee, na hao si watoto waliovunja vibubu. Mtoto ataona mpira. Mtu aliyewahi kumaliza shule akaagana na timu yake ataona kitu kingine.

Asiyetaka kuujua mwisho asimame hapa.

Mpira wa mwisho umechorwa kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwenye filamu ya michezo. Kamera inaingia ndani ya macho ya Kenma. Hatumwoni tena, tunaona anachokiona. Muziki umezimwa. Kuna pumzi yake, viatu vinavyolia sakafuni, sauti za wenzake zikimwita, mpira unakwenda na kurudi, unaokolewa, unakwenda tena, na ukumbi unayumba kwa sababu kichwa chake kinayumba. Kijana asiyependa jasho amelowa chepechepe. Halafu mpira unamjia mikononi, ule mpira rahisi aliowahi kuupanga mara elfu, naye anauweka vidoleni, nao unateleza. Umelowa jasho. Unapita kati ya mikono yake na kuanguka nyuma, na mechi imekwisha. Karasuno wameshinda seti mbili kwa moja.

Mpwa wangu aliduwaa. "Yaani wamefungwa kwa jasho?" Ndiyo. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyedhulumiwa. Wamecheza mpaka mpira wenyewe ukachoka kushikika. Na kabla ya hapo, katika seti hiyo ya tatu, Kenma alikuwa amelala chali sakafuni baada ya mpira mmoja mrefu, akasema kwa sauti ya mtu anayejishangaa neno ambalo Hinata alilisubiri tangu ile siku ya kupotea njia: inafurahisha.

Filimbi ikishalia, Kenma anamgeukia Kuroo, jirani aliyempeleka uwanjani kwa mara ya kwanza akiwa mtoto, na kumshukuru kwa kumfundisha voliboli. Kuroo, mwenye utani kwa kila mtu na jibu kwa kila neno, anababaika, anamwomba angoje kidogo, na kugeuza uso.